Nilimsomea Mwalimu Kisichoandikwa Kitabuni

Nimemdanganya mtu asiyeona. Naanza na hilo kabisa, usije ukanionea huruma kabla hujajua nilichofanya.

Na mtu mwenyewe si mtu baki. Ni mwalimu aliyenifundisha kusoma darasa la kwanza! Alinishika kidole akakipitisha juu ya a, e, i, o, u mpaka zikaingia kichwani. Halafu mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, nikatumia kusoma kulekule kumdanganya mbele za watu. Jamani!

Nauza vifungo, zipu, uzi na lastiki hapa Kariakoo. Kama umeshawahi kushonesha gauni mjini hapa, huenda zipu yake ilitoka kwangu. Jina langu liache.

Kosa lilitokea kwenye mchezo. Ndiyo, mchezo! Usicheke kwanza, nisikilize.

Nina rafiki yangu anaitwa Hetal, Mhindi, tumekua mtaa mmoja. Kwao wanauza vyombo vya jikoni. Kaka yake anayeishi nje alimtumia kitabu kinene cha Kiingereza pamoja na dadu za ajabu ajabu, moja ina pande ishirini. Ni mchezo wa kusimulia hadithi mkiwa mmekaa mezani. Kila mmoja anajitungia mtu wake: askari, mganga, mwizi, anachotaka. Mmoja wenu anakuwa msimulizi, ndiye anayesema mmefika wapi, mmekutana na nani, adui anafanya nini. Dadu zinaamua umefaulu au umefeli; namba ikiwa kubwa, umefaulu. Na mkibishana, kitabu ndiyo hakimu.

Msimulizi nilikuwa mimi. Na kitabu nilikaa nacho mimi.

Tulikuwa tunacheza Jumapili mchana, ghorofani kwenye stoo ya kina Hetal, katikati ya maboksi ya sufuria na chupa za chai. Mama yake anatuletea chevda ya kutafuna na chai ya tangawizi, anatuangalia tunavyopigiana kelele kuhusu majitu na mazimwi, anatingisha kichwa, anashuka zake. Tulikuwa watatu: mimi, Hetal, na Rama, fundi simu mwenye kibanda pale chini.

Halafu Mwalimu akajiunga.

Mwalimu ni mstaafu, mtu wa pwani, kwao wako Kariakoo tangu nyumba zikiwa za udongo. Anaishi na binti yake, Zuhura, nyumba ya nyuma ya duka langu. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Presha ya macho ilimwanza taratibu; jicho la kulia likazima kabisa, la kushoto likabaki linaona mwanga na vivuli tu. Zuhura akienda kazini, baba anakuja kukaa kwenye baraza ya duka langu mpaka jioni.

Mimi ndiye niliyekuwa namsomea. Meseji za simu, maandishi ya kwenye dawa, karatasi za kliniki, gazeti. "Hebu nisomee, mwanangu," ananiambia, na mimi naacha mteja anasubiri, namsomea. Mtaa mzima walikuwa wananisifia kwa hilo. Na mimi nilipenda kusifiwa, nisikufiche.

Jumapili moja nikampandisha stoo ili asibaki peke yake. Akakaa kimya anasikiliza. Baadaye akauliza, "Hivi huu ni mchezo wa kichawi?"

"Hapana, Mwalimu. Ni hadithi tu. Ila hadithi hii unaingia ndani yake."

"Basi na mimi niingizeni."

Rama akacheka kwa furaha. "Unataka uwe nani, Mwalimu?"

Hakufikiria hata kidogo. "Mpiga upinde. Anaitwa Kombo. Nataka awe na macho makali. Kunguru akitua juu ya mnara, Kombo amhesabie manyoya."

Tuliangaliana. Hetal akaandika kwenye karatasi: Kombo, mpiga upinde, macho makali.

Aisee, yule mzee alikuwa anacheza! Dadu anairusha, Hetal anamsomea namba, naye anapiga meza kwa kiganja kama yuko mpirani. Sisi tulikuwa tunakimbilia kupigana, yeye anauliza maswali. "Mlango umetengenezwa kwa mti gani?" "Upepo unatokea wapi?" Alinifanya nikawa msimulizi mzuri kuliko nilivyokuwa.

Sasa, katikati ya hadithi, Kombo alipigwa na moto wa zimwi usoni, akapofuka. Sikupanga mimi, dadu ndiyo ilianguka vibaya. Nikataka kuifuta, nikaona aibu kubwa. Mwalimu akanizuia. "Acha. Imetokea. Twendeni tukatafute dawa."

Tuliitafuta dawa hiyo kwa Jumapili kama nane. Askari wa Rama aliuza upanga wake. Mganga wa Hetal alikubali kupoteza sauti yake, asiimbe tena maisha, ili apewe uwezo wa kuponya macho. Siku alipomponya, nikamwambia Mwalimu, "Kombo anafumbua macho. Anaona."

Mwalimu alinyanyuka kwenye kiti. Akaanza kusema Kombo anaona nini. Aliona kanga zimeanikwa, nyekundu iliyoanza kupauka upande uliopigwa na jua. Aliona mabati ya nyumba za bondeni yanametameta baada ya mvua. Aliona mwanamke anachambua mchele kwenye ungo, pete yake imelegea kidoleni. Alisema vile kwa muda mrefu, na chai zetu zikapoa. Mama Hetal alikuja kuchukua vikombe, akasimama mlangoni na sinia lake mpaka Mwalimu alipomaliza.

Hicho ndicho nilichokuja kukiharibu. Mimi!

Nilikuwa nimeandaa adui mkubwa, mchawi, nikamwita Bwana Majivu. Nilimwandikia kurasa nne kwenye daftari: hotuba yake, vitisho vyake, namna atakavyowahangaisha. Kila nikikaa dukani naongezea sentensi. Nikawa nawatambia wenzangu wiki nzima, "Jumapili mtalia nyie!"

Jumapili ikafika. Bwana Majivu anatokea kwenye roshani, anafungua mdomo kusema, na Mwalimu anasema kwa upole, "Kombo alishapanda mnarani tangu jana. Anamwona vizuri. Anaachia mshale."

Akarusha dadu.

"Ishirini!" Hetal akapiga ukelele. "Mwalimu, ishirini!"

Rama akaangua kicheko. "Huyu ndiye adui uliyetutishia wiki nzima, dada? Hata salamu hajatoa!"

Walicheka kwa furaha tu, najua sasa. Lakini mimi uso ulinichoma. Nikaona kurasa zangu nne zinaenda na maji. Nikasema, "Ngoja! Kabla mshale haujaachiwa, Bwana Majivu anampiga Kombo na Tengua."

Tengua ni jina tulilolitunga wenyewe. Kwenye kitabu kuna uchawi wa kukatisha uchawi mwingine. Kama mtu amerogwa asionekane, ukimpiga Tengua anaonekana. Kama anaelea hewani kwa uchawi, anaanguka.

"Anatengua nini?" Hetal akauliza. "Kombo hana uchawi wowote mwilini."

"Anao. Macho yake."

Kicheko kikakatika.

"Yale yalishapona," Hetal akasema.

"Yaliponywa na uchawi. Uchawi ukitenguliwa, upofu unarudi."

Rama akaweka kikombe chini. "Hapana dada, hapo unazingua. Sikiliza. Feni inazunguka, umeme ukikatika, inasimama. Sawa? Lakini ukichemsha chai, umeme ukikatika, chai inageuka kuwa maji baridi na majani makavu? Uchawi wa kuelea ni feni. Uchawi wa kuponya ni chai. Ulishafanya kazi, ukaondoka. Sasa huyo Majivu anatengua kitu gani?"

Alikuwa sahihi! Fundi simu ambaye hajawahi kukifungua kile kitabu alikuwa ameelewa kuliko mimi niliyelala nacho. Na mimi nilijua yuko sahihi kabla hajamaliza. Ningeweza kusema, "Kweli, nimekosea." Maneno mawili. Yamenishinda!

Mwalimu akageuza uso upande wangu. "Msibishane. Kitabu kinasemaje? Tusomee."

Nikafungua kitabu. Nikaupata ukurasa. Nikausoma kimoyomoyo, wala haukuwa na utata wowote. Ulisema uchawi ule unakatisha kile ambacho bado kinaendelea. Kilichofanyika mara moja kikaisha kinabaki kama kilivyo, kwa sababu hakuna tena uchawi pale wa kukatishwa. Na mfano waliotoa, ndugu yangu, ulikuwa wa jeraha lililoponywa! Palepale, chini ya kidole changu.

Nikasema kwa sauti ya kusoma, "Hapa wameandika hivi: uchawi wowote uliomgusa mtu unaondoka, na mtu anarudi kama alivyokuwa mwanzo."

Hetal akanyoosha mkono. "Lete nione."

Nikakifunga. Nikakifunga, nikakiweka mapajani! "Msimulizi ni nani hapa? Kila nikisoma mnataka kukagua?"

Hetal akafungua mdomo ajibu, lakini Mwalimu alimtangulia. "Mwache, Hetal. Kitabu kimesema. Huyu nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe."

Nakwambia, hakuna kofi lililowahi kuniuma kama sentensi ile. Na bado sikusema kitu.

Akapapasa meza, akaisogeza dadu mbali naye. "Basi, Kombo haoni. Huko mnarani kuna mahali pa kukaa? Akae kwanza, asije akaanguka."

"Papo, Mwalimu," nikasema.

Nikaendelea na hotuba ya Bwana Majivu. Kurasa zote nne nilizisoma. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza, hata mimi mwenyewe.

Mwalimu alikuja Jumapili mbili baada ya hapo. Kombo alitembea ameshika bega la askari wa Rama. Mwalimu haulizi tena mlango ni wa mti gani. Akiulizwa Kombo anafanya nini, anajibu, "Anasubiri." Jumapili ya tatu akasema kichwa kinamgonga. Ya nne hakutoa sababu.

Hetal aliomba kitabu chake. Nikamwambia nimekisahau nyumbani. Mara nyingine nikasema kiko kwa shangazi Buguruni. Uongo! Kilikuwa dukani kwangu, chini ya maboksi ya lastiki, na kila nikichota lastiki naona jalada lake.

Kwa Mwalimu ndiyo nilizidisha wema. Chai namletea bila kuombwa. Gazeti namsomea mpaka matangazo ya vifo. Nilikuwa najilipisha mwenyewe adhabu ndogo ili nikwepe ile kubwa. Yeye anashukuru tu, kwa adabu. Lakini niligundua ule msemo wake wa "hebu nisomee, mwanangu" umepungua. Nikajifariji kwamba labda ni uzee.

Wiki ya saba Hetal akaingia dukani saa sita mchana, wateja wamejaa. Hakununua kitu. Akasogea mpaka karibu na sikio langu.

"Kaka yangu ana kitabu kama kile. Nimemwomba anipigie picha ukurasa ule."

Mteja alikuwa anataka zipu ya bluu ya inchi saba. Nilimpa nyeusi.

"Nimeusoma," Hetal akasema. "Mfano wenyewe ni wa kidonda! Ulikuwa unaangalia nini siku ile?"

Nikainamia boksi la zipu.

"Rama amekasirika kwa sababu ya mchezo. Mimi mchezo si hoja. Ila yule mzee hana macho ya kukukagua, na wewe ulilijua hilo." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Umwambie mwenyewe. Leo. Usipomwambia, jioni namwambia mimi."

Nilimsubiri Mwalimu atoke kuswali alasiri. Alipokaa barazani nikavuta kigoda nikakaa chini kabisa, karibu na miguu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona salamu ya pili leo?"

Nikamweleza. Nilianza vizuri, nikaharibu katikati, nikaanza kusema kuhusu zile kurasa nne na jinsi walivyonicheka, akanyanyua kidole, nikarudi kwenye mstari. Nikasema: nilisoma kitabu, nikaona kimeandika hivi, nikakusomea vile. Kombo alikuwa anaona, Mwalimu. Hakupofuka.

Akatikisa kichwa polepole.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Mwalimu?"

"Nimesikiliza watoto wakisoma maisha yangu yote ya kazi. Mtoto anayesoma nalijua tamko lake, na mtoto anayetunga kwa sababu ameshindwa mstari, tamko lake nalijua pia. Wewe siku ile ulikuwa unatunga."

Ardhi ingepasuka ningeingia! "Sasa kwa nini ulinitetea?"

"Kwa sababu ulikuwa umeaibika, na wenzako walikuwa karibu kukushika. Sikutaka ushikwe. Nilitaka urudi mwenyewe. Nikasema, nitampa mpaka Jumapili. Jumapili ikapita. Nikasema, labda Jumapili nyingine." Akafuta paji la uso kwa leso. "Niliumia, mwanangu. Si kwa sababu ya yale macho ya kwenye hadithi tu. Ingawa na yenyewe niliyapenda."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Nikuulize," akasema. "Leo umekuja mwenyewe au umeletwa?"

Ulimi wangu, ulimi huu huu, ulitaka kusema nimekuja mwenyewe! Ulikuwa umeshajipanga mdomoni. Nikaumeza.

"Nimeletwa. Hetal ameugundua ukurasa."

"Haya. Angalau hilo umelisoma kama lilivyo."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli, maana Mwalimu hasemi neno la kupamba. Kitabu nilikirudisha kwa Hetal jioni ileile. Usimulizi akachukua Rama. Sikufukuzwa, ila siku nilipopanda stoo, Hetal alinipa kikombe cha chai kama anavyompa mgeni, na nilivyokaa hakuna aliyepiga kelele. Nilimaliza chai nikashuka. Sijapanda tena.

Rama aliniambia walikubaliana kwamba siku ile Kombo hakupofuka, wakafuta kila kitu wakaanzia pale mnarani. Mwalimu akarudi kucheza. Mshale ukaachiwa, Bwana Majivu akafa bila kusema neno. Nikamuuliza Rama, "Na Kombo? Anaeleza anaona nini?"

Rama akakuna kichwa. "Anapiga mishale tu, dada. Ukimuuliza anaona nini, anasema, niambieni nyie."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna siku moja ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Zuhura alileta karatasi kutoka kliniki ya macho, akaiacha kwa baba yake akakimbilia kazini. Mwalimu akakaa nayo mkononi asubuhi nzima. Nilikuwa naiona kutoka ndani. Nikatoka, nikasema, "Mwalimu, nikusomee?"

Alisita. Kisha akanipa. "Nisomee."

Nikasoma kila neno, polepole, hata muhuri nilimsomea. Kwamba afike Jumanne saa moja asubuhi kwa ajili ya upasuaji mdogo wa jicho la kushoto, ili kilichobaki kisipotee. Kwamba asile wala kunywa kitu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwamba aje na mtu wa kumsindikiza.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema, akaipokea karatasi, akaikunja vizuri.

Nikarudi nyuma ya meza. Nilikuwa na furaha, nakwambia! Nikasema moyoni, yamekwisha.

Kisha nikamsikia anaita jirani yangu anayekaanga mihogo. Aliita kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kumvunjia mwingine heshima. "Mama Asha, mikono ikikauka, hebu njoo unisomee na wewe hapa."

Mama Asha akaja anajifuta kwenye kanga. Akasoma. Jumanne. Saa moja asubuhi. Asile wala kunywa kitu. Mimi nimesimama na uzi mkononi, nasikiliza maneno yaleyale niliyotoka kuyasema, moja baada ya jingine, yakisemwa upya na mtu mwingine kwa sababu niliyosoma mimi hayakutosha. Mwalimu anaitikia kila mstari, "Naam. Naam." Mama Asha alipofika mwisho nikaona mabega ya Mwalimu yanashuka. Sasa ndiyo aliamini.

Hakufanya kwa hasira. Alikuwa na haki kabisa, jicho ni lake na ndilo lililobaki! Kama ningekuwa mimi, ningeita watu watatu.

Upasuaji ulienda salama, alhamdulillahi. Bado anakaa barazani kwangu, bado namsalimia na ananiitikia vizuri. Na kila ninachomsomea, kinasomwa mara mbili.

Wewe unayesoma hapa, labda hujui dadu ya pande ishirini ni kitu gani, wala huna haja. Lakini huenda yupo mtu anayekutegemea. Bibi anayekupa meseji umsomee. Mama asiyejua Kiingereza aliyekuja na karatasi yake. Jirani aliyekwambia, angalia imeandikwaje hapo. Tafadhali, nakuomba kama ninavyomwomba Mungu anisamehe: msomee kilichoandikwa. Hata kama kinakuumbua. Hata kama umeshasema vingine na watu wote wanakuangalia! Sema "nimekosea" palepale, hata sauti ikikutetemeka. Aibu yake ni ya mchana mmoja.

Mimi niliikimbia hiyo ya mchana mmoja.